Kutoka Negativu hadi Picha ya Ukutani

Kila mwaka, tarehe 27 Februari, watu hukusanyika katika viwanja vya Makumbusho ya Majimaji mjini Songea kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906. Mji wenyewe una jina la Nduna Songea Mbano, ambaye naye alinyongwa kwa sababu ya vita ile. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1980. Picha za miaka ya karibuni, kama zile za tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika hapo kuomba radhi, zilizaliwa zikiwa za kidijiti. Picha za mwaka 1980 hazikuzaliwa hivyo. Kama picha zote za wakati ule, zilipigwa kwa mkanda wa filamu, mkanda ukasafishwa katika chumba cha giza, na kilichobaki baada ya picha chache kuchapwa ni negativu.

Negativu za miaka ile zimetawanyika pengi: katika hazina ya picha ya Idara ya Habari, MAELEZO, katika makabati ya misheni na ya studio za mijini, na katika masanduku ya nyumbani. Ndani yake wamo wazee waliosimulia habari za vita, walimu na wanafunzi wao, wanakwaya, wakulima siku ya mnada. Wengi wa watu hao hawakupigwa picha nyingine maishani. Siku hizi negativu hizo huingizwa katika kompyuta kwa chombo kiitwacho skana, ili zichapwe upya, pengine kwa ukubwa wa kuenea ukutani. Lakini kazi hiyo ikifanywa bila hesabu, picha kubwa hutoka na nyuso zisizotambulikana, na huenda negativu yenyewe isiwepo tena ya kurudia. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo, ambayo haizidi uwezo wa mwanafunzi wa kidato cha pili.

NEGATIVU NA SKANA

Filamu nyeusi na nyeupe ni ukanda wa plastiki uliopakwa tabaka jembamba la jelatini lenye fuwele ndogo za chumvi za fedha, hasa bromidi ya fedha. Nuru inapoingia kwa lenzi ya kamera, huziathiri baadhi ya fuwele hizo. Filamu inaposafishwa, dawa ya kwanza huzigeuza fuwele zilizoguswa na nuru kuwa chembe nyeusi za madini ya fedha, na dawa ya pili huziondoa zile ambazo hazikuguswa. Kwa hiyo mahali palipokuwa na nuru nyingi, kama shati jeupe, hutokea peusi, na mahali palipokuwa na kivuli hubaki pakiangaza. Ndiyo maana picha hiyo huitwa negativu, yaani kinyume cha ile ya kweli.

Zamani, kupata picha kubwa kulihitaji mashine ya kukuzia. Nuru ilipitishwa katika negativu na kutupwa juu ya karatasi maalumu, na kadiri kichwa cha mashine kilivyoinuliwa, ndivyo picha ilivyopanuka. Skana nayo hupitisha nuru katika negativu, lakini badala ya karatasi ina safu ya vipokea-nuru vidogo sana. Kila kimoja hupima nuru iliyopenya mahali pake na kuiandika kwa namba. Sehemu ndogo ya picha inayowakilishwa na kipimo kimoja huitwa pikseli. Picha nzima, basi, huwa ni jedwali kubwa la namba.

Ifahamike kwamba skana ya kawaida ya ofisini haifai kwa kazi hii. Skana hiyo hutoa nuru kutoka chini na kupokea ile inayorudishwa na karatasi, hali negativu huhitaji nuru inayopenya kutoka upande mmoja hadi wa pili. Skana ya filamu lazima iwe na taa upande mmoja na vipokea-nuru upande wa pili.

Wingi wa pikseli hupimwa kwa inchi moja ya filamu. Skana ikisoma pikseli 2,400 kwa inchi, ina maana kwamba urefu wa milimita 25.4 umegawanywa katika sehemu 2,400. Swali lililopo ni hili: je, ni pikseli ngapi kwa inchi zitoshazo?

JICHO NDILO LIANZALO

Jibu huanza katika jicho la mtazamaji. Jicho zima la mwanadamu, katika nuru nzuri, laweza kutenganisha vitu viwili ambavyo pembe kati yake ni takriban dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii moja. Vikikaribiana zaidi ya hapo, jicho huviona kuwa kitu kimoja. Uwezo huo wa kutenganisha huitwa upambanuzi.

Jambo hili laweza kuthibitishwa darasani bila chombo chochote cha thamani. Katika karatasi nyeupe ichorwe mistari myeusi yenye unene wa milimita 1, na nafasi nyeupe kati yake iwe pia milimita 1. Karatasi ibandikwe ubaoni, na mwanafunzi arudi nyuma polepole mpaka mistari iungane na kuwa rangi moja ya kijivu. Kwa hesabu, milimita 1 hufanya pembe ya dakika moja katika umbali wa mita 3.4 hivi. Wanafunzi wengi wataona mistari ikiungana karibu na umbali huo. Wenye macho makali watafika mbali zaidi, na wale wanaohitaji miwani wataungama mapema.

Kwa kutumia pembe hiyohiyo hupatikana kipimo cha picha iliyochapwa. Picha inayoshikwa mkononi hutazamwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi. Katika umbali huo dakika moja ya nyuzi ni sawa na milimita 0.087, na inchi moja ina vipande 290 vya ukubwa huo. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya wachapaji isemayo kwamba picha nzuri yataka nukta 300 kwa inchi. Mtazamaji akisimama mita 1 kutoka kwenye picha, kipande kidogo awezacho kukiona ni cha milimita 0.29, na pikseli 87 kwa inchi humtosha. Akisimama mita 2, zatosha 44.

Ndiyo sababu bango kubwa la barabarani laweza kuwa na nukta kubwa kama punje za mtama, na bado wapita njia wakaliona kuwa safi.

HESABU YA KUKUZA

Hatua ya pili ni kujua picha itakuzwa mara ngapi. Negativu ya kamera ndogo iliyokuwa ya kawaida ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24; filamu yake huitwa ya milimita 35 kwa kuwa huo ndio upana wa ukanda mzima pamoja na matundu yake. Ikiwa picha ya kutundikwa ukutani itakuwa na upana wa mita 1, yaani milimita 1,000, basi itakuzwa mara 1,000 gawanya kwa 36, ambayo ni takriban mara 27.8.

Kanuni yenyewe ni hii: pikseli za kusomwa kwa kila inchi ya filamu ni sawa na pikseli zinazohitajika kwa inchi ya picha, zidisha kwa idadi ya mara itakayokuzwa.

Kwa mtazamaji aliyesimama mita 1, hesabu ni 87 mara 27.8, ambayo ni takriban 2,400. Kwa mtazamaji anayesogeza uso wake hadi sentimita 30, ni 290 mara 27.8, ambayo ni zaidi ya 8,000.

Wapo wasemao kwamba picha kubwa hutazamwa kwa mbali, na kwa hiyo hesabu ya pili haina haja. Kauli hiyo ni ya kweli kwa tangazo la sabuni. Si ya kweli kwa picha ya kumbukumbu. Mtu anayeingia makumbusho na kuona picha ya mkutano wa kijijini kwao hasimami mita 2. Hukaribia, huinama, na kidole chake huanza kupita juu ya nyuso, akimtafuta babu yake. Picha kubwa hutundikwa kwa ajili ya mtu huyo, na ni yeye atakayejua kama kazi ilifanywa vizuri.

FILAMU NAYO INA MWISHO WAKE

Je, basi, negativu isomwe kwa pikseli 8,000 kwa inchi? Kabla ya kujibu, yapasa kuuliza kama filamu yenyewe ina habari za kiasi hicho.

Mfano wa mkeka wafaa hapa. Msusi anayetumia miyaa mipana hawezi kusuka ua jembamba kuliko mwaa wake. Ili mstari mweusi na mweupe viweze kuonekana, kila kimoja chahitaji angalau mwaa wake mmoja. Ndivyo ilivyo kwa pikseli: jozi moja ya mistari, mweusi na mweupe, huhitaji angalau pikseli mbili. Zikipungua, mistari huungana au hutokea michoro ya uongo ambayo haikuwamo katika kitu chenyewe.

Wataalamu hupima uwezo wa filamu na lenzi kwa kuhesabu jozi za mistari zinazotenganishwa katika milimita moja. Picha iliyopigwa kwa kamera ya kushikwa mkononi, kwa filamu ya kawaida na lenzi nzuri, huweza kufikia jozi 40 hadi 60. Filamu yenye chembe ndogo, kamera ikiwa imesimamishwa juu ya miguu mitatu, huweza kuzidi hapo. Mkono ukitikisika, au lenzi isipolengwa sawasawa, kiasi hicho hushuka sana.

Zikichukuliwa jozi 50 kwa milimita, hizo ni pikseli 100 kwa milimita, na kwa inchi ni 100 mara 25.4, yaani 2,540. Kwa picha bora ya jozi 78, zinahitajika pikseli 4,000 hivi kwa inchi. Kwa hiyo kwa negativu nyingi za milimita 35, kusoma kwa pikseli 4,000 za kweli hukusanya karibu kila kilichomo. Kuzidi hapo hakuleti nyuso zaidi. Huleta tu umbo la chembe za fedha, na faili kubwa.

Matokeo yake ni kwamba mtu anayeinama mbele ya picha ya mita 1 iliyotoka katika filamu ya milimita 35 ataona ukungu kidogo na chembechembe. Huo ni mpaka wa filamu, wala si kosa la mwenye skana. Lakini iwapo negativu ilisomwa kwa pikseli 600 kwa inchi, ataona ukungu mzito zaidi, na hilo ni kosa ambalo lingeweza kuepukwa.

USO MMOJA KATIKA UMATI

Ili maana ya tofauti hiyo ionekane, ufikiriwe mkutano wa hadhara uliopigwa picha kwa kamera ya milimita 35, na mstari wa watu waliosimama mbele una upana wa mita 12 unaojaza picha yote. Mita 12 zimeingia katika milimita 36, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 333. Uso wa mtu wenye upana wa sentimita 15 umekuwa milimita 0.45 juu ya filamu, mdogo kuliko punje ya ulezi.

Skana ikisoma pikseli 600 kwa inchi, uso huo hupata pikseli 11 tu kwa upana wake. Jicho lake moja halizidi pikseli mbili. Mtazamaji atajua kwamba ni mtu, pengine kwamba ni mwanamume aliyevaa kofia, lakini hata mwanawe hatamtambua. Kwa pikseli 2,300 kwa inchi, uso hupata pikseli 41, na anayemfahamu aweza kumtaja jina. Kwa pikseli 4,000 hupata 71, na ingawa si zote zitakuwa na habari mpya, hakuna kilichoachwa ndani ya filamu.

Tofauti kati ya 11 na 71, basi, ni tofauti kati ya umati na watu. Na kwa kuwa watu wanaoweza kuzitambua nyuso za miaka ya 1960 na 1970 ni wazee wa leo, hesabu hii ina muda wake.

KWA NINI PICHA ZA ZAMANI ZAIDI HUKUZWA VIZURI ZAIDI

Huenda ikashangaza kwamba baadhi ya picha zilizopigwa Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza huonekana safi kuliko za miaka ya 1970 zikikuzwa kwa ukubwa uleule. Sababu ni ukubwa wa negativu. Wapiga picha wa wakati wa Wajerumani walitumia vioo vilivyopakwa dawa, na kipimo kimojawapo kilichokuwa cha kawaida ni sentimita 13 kwa 18. Kioo cha upana wa milimita 180 kikikuzwa hadi mita 1, hukuzwa mara 5.6 tu. Hata kwa nukta 300 kwa inchi ya picha, skana yahitaji kusoma pikseli 1,700 hivi kwa inchi. Kati ya hivyo viwili imo negativu ya mraba ya kamera nyingi za studio, yenye milimita 56 kila upande, ambayo hukuzwa mara 18.

Lakini ukubwa wa negativu hausaidii kitu iwapo kinachomfikia mtumiaji ni nakala ndogo. Picha nyingi za mpiga picha Walther Dobbertin, aliyefanya kazi katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Desemba 2008 hifadhi hiyo ilianza kutoa katika intaneti picha zake zaidi ya 80,000 zitumiwe na watu wote, zikiwamo za Dobbertin, nazo zilitolewa kwa upande mrefu wa pikseli 800 hivi. Kwa ukurasa wa kitabu cha shule hizo zafaa. Zikichapwa kwa upana wa mita 1, kila pikseli huwa na upana wa milimita 1.25, na mtu aliyesimama mita 1, awezaye kuona milimita 0.29, huona vigae badala ya nyuso. Mwalimu au mhifadhi anayetaka picha ya ukutani hana budi kuomba nakala kubwa kutoka kwa wenye kioo chenyewe.

NAMBA ILIYOANDIKWA KWENYE KASHA

Anayenunua skana hukuta namba kubwa zimeandikwa kwenye kasha: 4,800, 6,400, hata 9,600. Namba hizo zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Baadhi ni za kukisia tu: kompyuta hutia pikseli za kubuni kati ya zile zilizopimwa, kama mtu anayejaza maneno katika barua iliyoraruka. Nyingine ni hesabu ya kweli ya vipimo, lakini lenzi ya skana haina uwezo wa kutenganisha vitu vidogo kiasi hicho, na pikseli jirani hurudia habari ileile.

Njia ya kujua ukweli ni kupima. Kipo kibao cha majaribio chenye mistari inayozidi kuwa myembamba, kilichobuniwa na Jeshi la Anga la Marekani mwaka 1951 na kinachotumika hadi leo. Kibao huskaniwa, na mpimaji hutafuta mistari myembamba kuliko yote ambayo bado imetengana. Majaribio ya namna hiyo yameonyesha kwamba skana za mezani zinazotangazwa kuwa za pikseli 6,400 mara nyingi hutenganisha jozi 45 hivi kwa milimita. Jozi 45, mara 2, mara 25.4, ni takriban 2,300. Hicho ndicho kipimo chake cha kweli.

Skana hiyo si mbaya. Kwa negativu za studio za milimita 56 na kwa vioo vikubwa yatosha kwa picha za ukutani. Kwa filamu ya milimita 35 haifikii mwisho wa filamu, na hapo hutumika skana maalumu za filamu zenye pikseli 4,000 za kweli. Njia nyingine inayozidi kutumika ni kuipiga picha negativu kwa kamera ya kidijiti. Kamera yenye kipokea-nuru cha milimita 36 kwa 24 na pikseli 6,000 kwa 4,000, ikiwa na lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa ukubwa wake halisi, husoma pikseli 6,000 katika milimita 36, yaani zaidi ya 4,200 kwa inchi. Negativu huwekwa juu ya kioo chenye nuru nyeupe sawia, kamera husimamishwa juu yake ikiwa sambamba kabisa, na filamu hubanwa isijikunje. Kosa la nusu milimita katika kulenga laweza kupoteza faida yote ya lenzi nzuri.

GIZA NA NURU

Wingi wa pikseli peke yake hautoshi. Kila pikseli ni namba, na namba hiyo lazima iwe na nafasi ya kueleza tofauti ndogo za giza. Giza la filamu hupimwa kwa logarithi: sehemu inayopitisha nuru moja ya kumi ina giza la 1, inayopitisha moja ya mia ina giza la 2, na moja ya elfu giza la 3. Mashati meupe katika jua la mchana huwa sehemu nyeusi kupita zote katika negativu, na skana dhaifu huyafanya yawe bapa lisilo na mikunjo.

Skana ikiandika kila pikseli kwa biti 8, ina daraja 256 za kijivu. Ikiandika kwa biti 16, ina daraja 65,536. Macho hayaoni tofauti hiyo katika picha iliyokwisha kutengenezwa vizuri. Lakini negativu ya zamani iliyofifia huhitaji kuongezewa tofauti kati ya weusi na weupe, na daraja 256 zikivutwa huachana, na mbingu hutokea na mistari kama ngazi. Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanywa kwa biti 16, na nakala nyepesi za biti 8 hutolewa baadaye.

Negativu ya milimita 35 kwa pikseli 4,000 kwa inchi hutoa picha ya pikseli 5,669 kwa 3,780, ambazo ni milioni 21.4. Kila moja ikiwa na biti 16, yaani baiti 2, faili moja huwa na megabaiti 43 hivi, na mkanda wa picha 36 huwa na megabaiti 1,550. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 64 yaweza kubeba mikanda kama 40. Gharama ya kuhifadhi, kwa hiyo, si kisingizio cha kusoma negativu kwa upungufu.

Zipo skana zinazotumia miali ya infraredi kutambua vumbi na kulifuta. Njia hiyo hufaa kwa filamu nyingi za rangi. Kwa filamu nyeusi na nyeupe haifai, kwa sababu madini ya fedha huizuia miali hiyo kama vumbi lizuiavyo, na mashine hufuta picha yenyewe ikidhani ni uchafu. Hapo hapana budi kupeperusha vumbi kwa kipulizio cha mkono kabla ya kuskani.

HARUFU YA SIKI

Linabaki swali la muda. Filamu nyingi za kamera zimetengenezwa kwa plastiki iitwayo selulosi asetati. Joto na unyevu huivunja plastiki hiyo polepole na kutoa asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki. Asidi hiyo nayo huharakisha kuvunjika zaidi, na negativu zilizo jirani huambukizwa. Filamu hunywea na kujikunja, na tabaka la jelatini hubaki na makunyanzi yasiyonyooshwa na skana yoyote.

Utafiti wa Taasisi ya Udumifu wa Picha iliyoko Rochester, Marekani, umeonyesha kwamba filamu mpya ya asetati ikiwekwa katika nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa harufu hiyo baada ya takriban miaka 40 hadi 50. Kila joto linapozidi kwa nyuzi 5 au 6, muda huo hupungua karibu nusu. Songea, iliyoko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ina nafuu kuliko Dar es Salaam, lakini miezi ya mvua ina unyevu mwingi. Ni rahisi kuona kwamba mkanda uliopigwa mwaka 1980, hata katika nyanda za juu, umekwisha kuufikia umri wa hatari.

Shule, parokia au familia yenye negativu yaweza kuanza leo kwa hatua chache. Mkebe ufunguliwe na unuswe. Zenye harufu ya siki zitengwe na ziskaniwe kwanza. Zilizobaki zitolewe katika mifuko ya plastiki na mikebe iliyofungwa kabisa, ziwekwe katika bahasha za karatasi nzuri, mahali pakavu na pa baridi, mbali na bati la paa. Zishikwe kwa kingo zake. Negativu ipimwe kwa rula, ukubwa wa picha inayotakiwa uamuliwe, na hesabu ya kukuza ifanywe kabla ya kumpelekea fundi. Fundi aulizwe pikseli za kweli za skana yake, wala si namba ya kasha. Faili ihifadhiwe bila kubanwa, katika mahali pawili au zaidi. Na negativu isitupwe baada ya kuskaniwa, kwa maana skana za baadaye huenda zikawa bora, na faili iliyopotea hurudishwa na negativu tu.

Kazi ikishafika hapo, picha ichapwe kwa ukubwa wa kutosha na kupelekwa kwa wazee waliokuwapo, wakiwa na miwani yao, mahali penye nuru. Kila jina watakalolitaja liandikwe kwa penseli juu ya bahasha ya negativu ile, pamoja na mahali na mwaka.